Glasi ya Mgeni

Vyombo vingi vilivyomo katika nyumba za Dagahaley, kambi ya wakimbizi katika kaunti ya Garissa, Kenya, vilichaguliwa na watu ambao hawatavitumia. Sufuria ilichaguliwa, mwiko ukachaguliwa, dumu la maji likachaguliwa, na hata idadi ya vikombe ikaamuliwa mbali kabisa na vumbi la Garissa. Seti ya jikoni inayogawiwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, imekadiriwa kwa familia ya watu watano, na ndani yake mna vikombe vitano vya chuma kisichoshika kutu. Ni vikombe vinavyofaa. Havivunjiki, hupakiwa kwa maelfu ndani ya lori bila hasara, na mtoto akikiangusha kimoja juu ya jiwe kitabonyea kidogo na kuendelea na kazi. Aliyeipanga seti hiyo alifikiria mengi ya maana: uzito, gharama, afya, safari. Watu watano, vikombe vitano. Hesabu imekamilika, ila mgeni hamna.

Mgeni akiingia, panahitajika kikombe cha sita. Hicho ndicho ninachotaka kukitafakari, kwa sababu katika nyumba nyingi za wakimbizi kikombe cha sita hakikutoka kwenye mgao. Ni glasi. Imenunuliwa sokoni kwa pesa ya mwenye nyumba, pamoja na wenzake watatu au watano, zikaoshwa, zikafunikwa kitambaa na kuwekwa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Dagahaley ilifunguliwa mwaka 1992. Ifo ilikuwa imetangulia mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre wa Somalia kuanguka Mogadishu na watu kumiminika kuvuka mpaka wa Kenya kupitia Liboi. Hagadera nayo ikafuata. Kambi hizo tatu, ambazo kwa pamoja huitwa Dadaab, zilipangwa zichukue watu 90,000. Mwaka wa njaa, 2011, Dadaab nzima ilipita watu 400,000, na pembezoni mwa Dagahaley, mahali palipoitwa Bulo Bacte, waliofika karibuni walisimamisha vibanda vya vijiti na matambara huku wakingoja kuandikishwa. Wengi walikuja na watoto, dumu la plastiki na basi. Wakimbizi wa zamani waliwapokea, wakagawana nao chakula na nguo, ingawa wao wenyewe walikuwa wakiishi kwa mgao.

Tangu siku ya kwanza watu hawa wameambiwa kwamba wako pale kwa muda. Muda huo sasa umepita miaka thelathini. Mwezi Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akaamua kwamba tangazo hilo lilikiuka katiba. Kati ya tarehe hizo mbili, maelfu ya watu walilala na kuamka bila kujua kama mwaka ujao watakuwa Dagahaley, Kismayo au Baidoa. Mtu anayeishi namna hiyo ana kila sababu ya kununua bati na plastiki peke yake. Anaponunua glasi, chombo kisichostahimili safari, amefanya uamuzi ambao hakuna ofisi iliyomwomba aufanye. Ameamua kwamba hapa, kwa leo, ni nyumbani, na kwamba nyumba yake ni nyumba ya kukaribisha watu.

Uzito wa uamuzi huo tutauona tukikumbuka wengi wao walikotoka. Mfugaji wa Kisomali hakuwa mtu wa glasi. Mali yake ilikuwa lazima ipande juu ya ngamia: fito za nyumba, mikeka, kamba, maji, na vyombo vya maziwa. Vyombo hivyo ni kazi ya mikono ya wanawake. Husukwa kwa nyuzi za mizizi na magome, zikabanwa mpaka chombo hakivuji, kisha hufungwa ngozi na kamba za kuning'inizia. Wasomali huviita haan na dhiil kulingana na ukubwa na kazi yake. Ndani hufukizwa kwa vijinga vya kuni zilizochaguliwa, na moshi huo huyatunza maziwa ya ngamia yasiharibike upesi, ukayapa na ladha ambayo aliyekulia nayo huitafuta maisha yake yote. Kifuniko cha chombo mara nyingi ndicho kilichokuwa kikombe. Maziwa yalimiminwa humo, yakapita kwa mgeni kwanza, kisha kwa mkubwa, kisha kwa wengine, wote wakinywea palepale.

Katika maisha hayo glasi haikukosekana kwa sababu ya umaskini. Ilikataliwa kwa akili. Kitu kinachopasuka ngamia anapopiga magoti hakina nafasi katika mzigo wa mtu anayehama kufuata mvua. Kwa hiyo mzee wa Dagahaley aliyezaliwa nyikani na leo anampokea mgeni kwa glasi amevuka zaidi ya mpaka wa nchi. Ameacha chombo alichokisuka mama yake, kilichofaa safari, akashika chombo cha watu wa mahali pamoja. Sidhani ni haki kuliita badiliko hilo maendeleo tu, kwa sababu ndani yake mna hasara pia: ngamia waliokufa, malisho yaliyopotea, ufundi ambao binti wa kambini hana nyuzi za kujifunzia. Lakini desturi ya kumtanguliza mgeni haikufa pamoja na ngamia. Ilihamia katika glasi.

Tena pwani ya nchi ya Wasomali ilivijua vikombe vya kuletwa kutoka ng'ambo zamani sana, hata kama bara iliendelea na vya kusuka. Mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus wa Bahari ya Eritrea, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unazitaja bandari moja baada ya nyingine pamoja na bidhaa zinazouzika humo. Kwenye Malao, ambayo wataalamu huilinganisha na Berbera ya leo, vikombe vya kunywea vimo katika orodha ya bidhaa zinazoingia. Chini zaidi kusini, katika masoko ya Azania, pwani ambayo baadaye tuliiita ya Waswahili, mwongozo huo unataja vioo vya aina nyingi pamoja na mikuki, mashoka na visu. Karne nyingi baadaye wachimbaji wa mambo ya kale walivikuta vipande vya vioo vya nchi za Kiislamu katika magofu ya Manda, Shanga na Kilwa. Manda na Shanga ziko katika visiwa vya Lamu, na kaunti ya Lamu inapakana na Garissa. Kwa hiyo anayedhani kwamba glasi ni ugeni ulioletwa Kaskazini Mashariki mwa Kenya na Wazungu, au na misaada, anapunguza historia ya watu wetu kwa miaka elfu na zaidi.

Chombo chenyewe kina safari ndefu. Kioo ni mchanga, magadi na chokaa. Mchanga peke yake huyeyuka kwa joto la nyuzi 1,700 hivi. Magadi huupunguzia ukaidi, na chokaa huufanya mchanganyiko usimomonyoke ukiguswa na maji. Mafundi wa Mesopotamia na Misri walikuwa wakitengeneza vyombo vya kioo yapata miaka 3,500 iliyopita, kwa kuzungushia kioo cha moto juu ya kiini cha udongo, kisha kukikwangua kiini hicho baada ya kupoa. Kazi ilikuwa ya polepole na chombo kilikuwa cha wafalme. Kisha, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, kwenye pwani ya Shamu na Palestina, mtu fulani ambaye jina lake halikuhifadhiwa alipuliza hewa kupitia mrija ndani ya tonge la kioo laini. Pumzi moja ya mtu ikafanya kazi ya siku nzima. Ndani ya vizazi vichache, watu wa kawaida katika dola ya Roma walikuwa wakinywa kwa glasi.

Katika ulimwengu wa Kiislamu glasi ilipata heshima ya pekee, na dini ilichangia. Mafundisho ya Mtume yanakataza kunywa kwa vyombo vya dhahabu na fedha, kwa hiyo tajiri aliyetaka chombo kizuri mezani alielekeza macho yake kwenye udongo uliong'arishwa na kioo. Mafundi wa Shamu na Misri wa karne ya 13 na ya 14 walikipamba kioo kwa rangi na mchovyo wa dhahabu mpaka Ulaya nzima ikakitamani. Glasi moja ya aina hiyo, iliyofanywa Shamu karibu mwaka 1350, ilifika Uingereza na kutunzwa na ukoo mmoja wa kaskazini mwa nchi hiyo kwa karne nyingi. Waliamini kwamba siku itakapovunjika bahati ya ukoo nayo itaondoka. Leo iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, nzima. Ina mfuko wake wa ngozi uliotengenezwa kwa kipimo chake. Nyembamba kama ilivyo, imewazidi umri wote walioishika, kwa sababu kila aliyeipokea aliitunza kwa ajili ya atakayefuata.

Venice iliwahamishia mafundi wake katika kisiwa cha Murano mwaka 1291, kwa hofu ya moto wa tanuri, na huko siri za kioo cheupe kisicho na rangi zikalindwa kwa miaka mingi. Uingereza ya karne ya 17 ikatia risasi ndani ya kioo na kupata glasi nzito zenye kumetameta. Marekani, katika miaka ya 1820, ikaanza kushindilia kioo cha moto ndani ya kalibu kwa mashine, na hapo ndipo glasi ikawa kitu cha duka la mtaani. Huko Ufaransa, baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Duralex ilieneza glasi zilizopashwa moto tena na kupoozwa ghafla kwa upepo, ambazo huvumilia chai ya moto na kuanguka. Zikivunjika, hupasuka vipande vidogo butu. Glasi ndogo nene za chai zinazouzwa leo kuanzia Casablanca hadi Garissa ni jamaa za ukoo huo wa mashine, ama zilizoshindiliwa tu ama zilizokazwa kwa moto.

Kenya imo katika habari hii kuliko tunavyokumbuka. Magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, yamekuwa yakichimbwa na kampuni tangu mwaka 1911, yakishuka kwa reli mpaka Mombasa na kupakiwa melini, na miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa ni viwanda vya vioo vya Asia. Huenda glasi iliyorudi kutoka huko ndani ya kontena, ikapanda lori la Garissa, ikapita Dadaab na kuishia juu ya meza ya muuza vyombo wa Dagahaley, ina magadi ya Wamaasai ndani yake. Ardhi yetu imeruhusiwa kwenda mbali na kurudi. Wanaoinywea hawakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali.

Hapo ndipo ninapolifikia jambo lenyewe. Waswahili tuna methali ya zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumsukuma mgeni aliyekaa sana. Mimi naisoma kwa upande mwingine. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe ameambiwa kwamba nguvu zake zinahitajika, kwamba chakula cha nyumba hii sasa ni chake pia, na kwamba tangu leo naye anaweza kumwandalia mtu mwingine. Mgeni asiyepewa jembe hubaki mgeni mpaka azeeke. Watu wa Dagahaley wamekuwa wageni kwa zaidi ya miaka thelathini, na jembe lilizuiwa kwa sheria na kwa desturi ya ofisi: usitoke bila karatasi, usiajiriwe kwa mshahara kamili, usijenge kwa tofali linalodumu. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka 1993 sasa ana watoto wake, na wote katika familia hiyo bado wanaitwa wageni.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua mlango kidogo katika suala la kazi, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko pamoja. Naliunga mkono kusudi hilo kwa moyo wote, na nitalipima kwa kuona kama mkimbizi ataweza kupata riziki bila kuomba ruhusa ya kila hatua. Maana wenyeji wa Dadaab, ambao kwa lugha, dini na hata nasaba ni ndugu wa wengi wa wakimbizi hao, hawakupata mzigo tu. Utafiti uliofanywa mwaka 2010 kwa ajili ya serikali za Kenya, Denmark na Norway ulikadiria kwamba kambi ziliiletea jamii ya wenyeji manufaa ya dola milioni 14 hivi kwa mwaka. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na Dadaab mwenyeji alipona kweli kwa sehemu.

Lakini kabla ya sheria na kabla ya mpango, familia zilikuwa zimekwisha kujitafutia njia. Turudi kwenye mgao. Chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hugawiwa kwa kipimo. Mtu hupanga foleni, huonyesha kadi, huchotewa. Nje ya lango, sokoni, nako ni vipimo: gorogoro ya mahindi, kasuku ya maharagwe, kikombe cha sukari kilichofutwa juu kwa kidole ili kisizidi. Maisha yote ya kambini yamepimwa, na mara kwa mara kipimo hupunguzwa. Mwaka 2025 mgao wa wakimbizi nchini Kenya ulishuka mpaka chini ya theluthi moja ya unaostahili. Majani ya chai hayamo katika mgao. Hiliki haimo, mdalasini haumo, tangawizi haimo. Ili mgeni anywe chai, mama wa nyumba ameuza sehemu ya mahindi au mafuta yake, au amekopa dukani, au ametumia fedha iliyotumwa kwa simu na ndugu aliyeko Eastleigh jijini Nairobi au Minneapolis kule Marekani.

Kisha chai hiyo inamiminwa. Hapa hakuna mizani, hakuna kadi, hakuna anayefuta juu kwa kidole. Mama anainamisha chupa ya chai mpaka glasi ijae, mgeni akimaliza anaongezewa, na hakuna anayeandika. Aliyekuwa namba katika orodha asubuhi, jioni ni mwenyeji anayemwambia ofisa wa serikali, mwandishi wa habari au mfanyakazi wa shirika: karibu, kaa, kunywa. Kwa muda wa glasi moja nafasi zimegeuka. Ofisa ndiye mgeni, na mkimbizi ndiye anayetoa. Naamini hii ndiyo kazi ya kweli ya kikombe cha sita, na naamini inafanywa vema na glasi kuliko chombo chochote cha mgao, kwa sababu glasi ni ya mtu mwenyewe. Kumpa mgeni chai katika kikombe chenye nembo ya shirika ni kumpa kwa mkono wa mwingine.

Kwa haki lazima niseme ni nani anayelipia heshima hii. Ni wanawake. Mwanamume wa Kisomali husifiwa kwa ukarimu wake, jina lake hutajwa safarini, lakini aliyeamka kuwasha moto ni mke wake au binti yake. Kuni za Dadaab zimezidi kuwa mbali mwaka hadi mwaka, na wanawake waliotoka kambini kuzitafuta vichakani walivamiwa na kubakwa; jambo hilo liliandikwa na mashirika tangu miaka ya tisini. Chai ya mgeni ina bei hiyo ndani yake. Sisemi desturi iachwe. Nasema mgeni anayejua thamani ya anachokunywa amshukuru aliyeipika, si aliyeketi naye tu, na mwanamume anayependa kusifiwa kwa ukarimu awe pia mtu wa kuteka maji na kuziosha glasi.

Kuziosha, kwa sababu heshima bila usafi imewahi kuua. Kipindupindu kiliingia Dadaab mwishoni mwa mwaka 2015, na tena kuanzia Oktoba 2022 wakati ukame wa Somalia ulipoleta makundi mapya ya watu. Ugonjwa huo husafiri kwa maji na mikono. Maji ya Dagahaley yanatoka visima virefu na kutiwa dawa, lakini yakishafika nyumbani ndani ya dumu, usalama wake uko mikononi mwa anayeyachota. Dumu la mdomo mwembamba husaidia kwa kuwa mkono haupiti. Ndoo iliyo wazi na kopo linalozamishwa na kila mmoja ni hatari. Na kule kwenye vibanda vya chai, glasi nyingi kuoshwa katika beseni moja la maji yaleyale tangu asubuhi ni jambo ambalo halina budi kukomeshwa.

Wazee wanaweza kusema kwamba kunywea chombo kimoja ndiko udugu, kama kifuniko cha maziwa kilivyozunguka nyikani. Ninaelewa maumivu ya kuacha jambo hilo. Ila nyikani walikuwa familia moja na ngamia wao, maili nyingi mbali na jirani. Dagahaley ni mji. Na mafundisho ambayo wazee hao wenyewe wanayashika yanaagiza vyombo vifunikwe usiku, mtu asipumulie ndani ya chombo anachonywea, na anayewagawia watu kinywaji anywe mwisho. Kila mtu na glasi yake, iliyooshwa kwa maji yanayomiminika, ni udugu unaoendana na mji. Glasi ina faida moja katika hili ambayo plastiki iliyokwaruzwa haina: haifichi uchafu wala haishiki harufu ya jana. Anayeletewa maji ndani yake anaona alicholetewa.

Liko swali lingine linalonisumbua zaidi, na si la Dagahaley peke yake. Sisi tuliolelewa Pwani tunalijua kabati la vyombo la sebuleni: bilauri za sharbati zilizoletwa siku ya harusi, vikombe vya maua, jagi lenye kifuniko, vyote nyuma ya kioo, watoto wakionywa wasiguse. Bara nako ni vivyo hivyo. Vyombo vizuri ni vya wageni, na wenye nyumba hunywea vya plastiki vilivyopasuka ukingo. Je, tunawafundisha watoto heshima kwa mgeni, au tunawafundisha kwamba wao wenyewe hawastahili kitu kizuri?

Jibu langu linategemea nyumba. Katika nyumba yenye kipato, ambamo seti tatu za bilauri hukaa bila kuguswa mwaka mzima, naona kuna kosa. Vyombo vishushwe, watoto wafundishwe kuvishika kwa mikono miwili, na kimoja kikivunjika wasipigwe. Imam Bukhari amepokea habari ya kikombe cha mti cha Mtume kilichopasuka na Anas bin Malik akakiunga kwa fedha, kikaendelea kutumika. Kikombe hicho hakikuwekwa kisiguswe. Lakini katika nyumba ambayo ina glasi nne tu duniani, sithubutu kumwambia mama azishushe. Zile glasi nne ndizo sebule yake. Mtoto anayemwona mama yake akizitoa kitambaani mgeni anapobisha hodi hajifunzi kwamba yeye ni duni. Anaona kwamba familia yake, pamoja na kadi yake ya mgao, ni familia ya kupokea watu, na siku atakapotumwa kumpelekea mgeni glasi ya kwanza, akitembea polepole isimwagike, atakuwa amekabidhiwa sehemu ya heshima ya nyumba.

Baadhi ya wanaokwenda kambini kikazi huikataa chai hiyo. Wengine wana haraka. Gari linangoja na msafara una saa yake. Wengine hukataa kwa huruma, wakiona aibu kunywa sukari ya mtu mwenye njaa. Huruma hiyo naiheshimu, lakini inakosea shabaha. Sukari ilikwisha nunuliwa na moto ulikwisha washwa. Anayekataa haachi chochote ndani ya nyumba ile. Anaondoka na nafasi ya mwenye nyumba ya kuwa mtoaji, nafasi ambayo sheria, foleni na kadi vimemnyima siku nyingine zote. Kama sukari yake inakuuma, mletee mfuko wa sukari utakaporudi, umkabidhi kama jirani anavyomkabidhi jirani.

Kwa hiyo ukijaliwa kufika Dagahaley, kwa kazi ya serikali, ya shirika au ya gazeti, tenga saa ya chai katika ratiba yako kabla hujatenga saa ya mahojiano. Vua viatu, kaa juu ya mkeka, ipokee glasi kwa mkono wa kulia, na uinywe yote kabla hujafungua daftari.